Habari za Mtemi wa Isevya na Vita vya Karai

Nyamazeni, enyi watu wa mitaa ya Tabora, wa Isevya na Kanyenye, nanyi wa Ng'ambo na Cheyo. Shukeni kwenye baiskeli zenu, punguzeni redio, na aliye na chungu motoni akiepue, maana habari inayokuja haisikilizwi kwa sikio moja. Wengine wamekwisha kusimulia misafara iliyopanda kutoka pwani na nguo na shanga, ikateremka na pembe, wakataja ngoma zake na bendera zake na viongozi wake. Wengine wamesimulia jinsi reli ilivyopasua pori la miombo hadi ikaliona ziwa. Hayo yamesimuliwa, na waliosimulia wamekula ugali wao wakalala. Leo inasimuliwa habari ya sungura mmoja wa Isevya, na ya mzee aliyemfundisha kwenda haja mahali pamoja, na ya mama aliyeuzuia mkono wake usioshe. Na kama yupo anayedhani jambo hilo ni dogo, na aende akajaribu, kisha arudi atuambie sungura wake alimjibu nini.

Alikuwako, na angaliko, mzee Wenceslaus mwana wa Mathias, mzaliwa wa Usoke, Mwenye Filimbi, Bwana wa Bendera Mbili, aliyeitumikia reli ya kati ujana wake wote na sehemu kubwa ya uzee wake, akisafiri katika behewa la mwisho kama mchungaji atembeaye nyuma ya kundi. Huyo ndiye aliyekuwa akipuliza filimbi pale Igalula, na abiria waliokuwa wakipatana bei ya asali dirishani wakaiacha asali, na garimoshi zima, pamoja na mizigo yake na ghadhabu yake, likaondoka kwa amri ya pumzi yake. Na huyo huyo, baada ya kustaafu, alishindwa kumwamuru mnyama mwenye uzito wa jogoo mmoja wa kienyeji.

Naye alikuwa na mke, Advera, Mkono-Usiolala, binti wa Igalula, ambaye sakafu yake nyekundu ilipigwa nta kila siku hata mgeni aliyeingia alijiona uso kabla hajaonwa na wenyeji. Viti vyake vilivikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, na vitambaa vile vilifuliwa, vikapigwa pasi, vikarudishwa vimesimama wima kama vimekula kiapo. Vumbi la Tabora, ambalo kila mtu analijua na hakuna aliyewahi kulishinda, lilifika kwenye kizingiti cha Advera likasita.

Katika nyumba hiyo alitawala Mtemi. Mtemi alikuwa sungura mweupe mwenye doa jeusi juu ya jicho moja, aliyelelewa ndani tangu udogo na Kabula, mtoto wa mwisho wa nyumba ile, ambaye ni muuguzi. Hakuwahi kulala bandani hata usiku mmoja. Alikulia uvunguni mwa kitanda cha Kabula, akajifunza korido, akajifunza sebule, na milango yote ilifunguliwa mbele yake. Kabula alipohamishwa kikazi kwenda Mpanda, alipanda treni na mabegi yake, akalia kidogo dirishani, na Mtemi akabaki.

Na isemwe wazi, kwa kuwa mwanamume wa reli hawezi kuisema mwenyewe: mzee alimpenda yule sungura. Baada ya Kabula kuondoka, nyumba ilinyamaza hata saa ya ukutani ikawa kero. Lakini jioni mzee alipokohoa mlangoni, Mtemi alitoka mbio koridoni, kucha zake zikigonga sakafu, akavizunguka viatu vyake kama mtu anayehakikisha kwamba ni vyenyewe. Mtu aliyesubiriwa na stesheni nzima maisha yake yote hakuzoea kuingia mahali asiposubiriwa, na Mtemi ndiye peke yake aliyelijua hilo.

Ila mtawala huyo alikuwa na dosari, nayo ilikuwa ndefu kama korido. Zamani msafara ukipita katika nchi ya mtemi, mtemi alidai hongo, na wasafiri wakatoa nguo na shanga ndipo wakapishwa. Mtemi wa Isevya aliigeuza sheria hiyo: yeye ndiye aliyesafiri, na yeye ndiye aliyetoa. Njia yake ilianzia uvunguni mwa kitanda, ikafuata korido, ikapita mlango wa jiko, ikaingia sebuleni na kuishia nyuma ya kabati la vyombo. Na katika kila kituo alipokula majani, au alipojinyoosha, au aliposimama tu kufikiri, aliacha hongo yake ya gololi ndogo nyeusi, kavu na za mviringo, nazo zilibiringika juu ya sakafu ya nta hadi pembe ambazo yeye mwenyewe hakuwahi kuzikanyaga. Nyuma ya kabati, mwisho wa safari, aliacha na maji.

Ndipo ikaja Jumapili ya matangazo. Kanisani ikatangazwa kwamba Jumamosi ijayo jumuiya, yaani waumini majirani wasalio nyumba kwa nyumba kwa zamu, itasali nyumbani kwa mzee Wenceslaus. Advera alirudi nyumbani amenyooka kwa heshima hiyo, akaenda moja kwa moja kwenye kiti kikubwa, kile wanachokalia makatekista na wakwe, akainua kitambaa cha kufuma ili akipime weupe wake, akakuta hongo imetolewa kwa ukarimu. Hakupiga kelele. Alikirudisha kitambaa, akatoka barazani alikoketi mumewe, akasimama mbele yake, akanena.

"Baba Kabula, nisikilize. Nimezivumilia bendera zako ukutani. Nimeivumilia hadithi ya treni iliyokwama kwenye mafuriko, ambayo kila ukiisimulia inaongeza mabehewa. Lakini Jumamosi watu watapiga magoti kwenye sakafu yangu. Mmoja wao akiinuka na gololi imemganda gotini, mimi nitahama Isevya, na nikihama sitaaga. Mfundishe huyo mnyama wako ajue mahali pake, au aondoke kabla wageni hawajafika."

Laiti maneno hayo yangesikiwa na watu wa nyumba peke yao. Lakini barazani alikuwako Omari, fundi baiskeli wa mtaa ule, Mzaramo wa Kisarawe, Mpenda-Nazi, ambaye alikuwa amekuja kurudisha baiskeli ya mzee iliyokuwa na mnyororo uliolegea. Na Omari alikuwa mtani. Enyi vijana msiojua mambo, jueni kwamba tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipoteremka pwani na mizigo na kuwakuta Wazaramo njiani, makabila hayo mawili yalipeana utani, na utani ni sheria kuliko sheria: mtani akitwaa kitu chako mbele ya watu nawe ukanuna, aibu ni yako mpaka kwa wajukuu zako.

Omari akafuta mafuta mikononi taratibu, akamtazama Mtemi aliyekuwa amechungulia mlangoni, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu: "Mtani, nimemsikia mama, na mama hasemi uongo. Basi Jumamosi nitakuja na nazi yangu, nitakaa hapa hapa barazani. Gololi moja ikionekana sebuleni mbele ya wageni wenu, sungura ni wangu kwa haki ya utani, naye atalala katika tui zito kama walivyolala mababu zake. Isipoonekana hata moja, nazi ni yenu."

Mtu mwenye busara angecheka tu, akabadilisha mazungumzo. Lakini mwana wa Mathias alikuwa ameguswa pale palipouma, tena na Mzaramo, na marehemu babu yake, mpagazi wa misafara ile, alikuwa akitazama kutoka kule aliko. Alisimama, akasema amekubali, na Omari akaondoka akiimba. Advera, aliyetaka sungura aondoke na wala si aliwe, aliingia ndani kupiga nta.

Hivyo ndivyo vita vilivyoanza. Asubuhi yake mzee alitoa stoo karai kuukuu, lile lililobebea zege walipojenga nyumba, akaliweka karibu na mlango wa nyuma, kwani ndipo yeye alipoona panafaa kwa haja. Kisha akavaa kofia yake ya kazi, akasimama katikati ya korido, bendera ya kijani mkono wa kulia, nyekundu wa kushoto, filimbi mdomoni. Mpango ulikuwa mzuri ajabu: Mtemi akielekea sebuleni ataonyeshwa nyekundu, akielekea karai ataonyeshwa kijani, na atakapokosea, filimbi itanena. Mtemi akatokea. Akaelekea sebuleni. Nyekundu ikapepea, wala haikumhusu. Ndipo Mwenye Filimbi akavuta pumzi iliyokuwa ikiondoa magarimoshi, akapuliza.

Madhara ya mpulizo ule hayajaisha kusimuliwa mtaani. Mtemi aligonga sakafu kwa mguu wa nyuma akatoweka chini ya kabati la nguo. Kuku wa jirani waliruka ukuta. Na jikoni Advera, aliyekuwa akikoroga uji, alitupa mwiko, na uji ukafurika hadi ukauzima moto. Akatoka jikoni mwenye masizi shavuni, akatoa amri ambayo haikujibiwa: filimbi ile isilie tena ndani ya nyumba yake mpaka yeye mwenyewe aseme. Mzee aliitia mfukoni. Jioni alipokwenda kuokota bendera ya kijani iliyoangukia koridoni, alikuta Mtemi ameitumia.

Vita vya pili vilikuwa vya unga wa mbao. Mzee aliamini karai tupu halivutii, akaenda kwa seremala akajaziwa kiroba cha unga wa mninga, mwekundu na wenye harufu kali, akaumwaga ndani ya karai, akamwinua Mtemi kwa mikono miwili kwa heshima zote, akamketisha. Mtemi akapiga chafya. Akapiga nyingine. Kisha akageuka akatia miguu ya nyuma kazini, na unga ule ukapaa, ukavuka korido, ukatua juu ya vitambaa vya kufuma, juu ya picha ya Familia Takatifu, juu ya nywele za Advera ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuzifunga. Siku hiyo mzee alikula barazani.

Omari hakukosa hata siku moja. Kila alipopita na baiskeli ya mteja alisimama mbele ya baraza, akaitoa nazi mfukoni mwa koti, akaitikisa karibu na sikio asikilize maji, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema kwamba sungura huyo anajua kila kitu na anafanya makusudi, akaenda zake. Utani ni kazi, na Omari hakuwa mvivu.

Lakini mtu aliyezeeka kazini anajua kukaa na kutazama. Mzee Wenceslaus aliketi kwenye kigoda sebuleni, akaacha kuamuru, akatazama. Akaona kwamba Mtemi hazururi ovyo kama watu wanavyomsingizia. Ana kona yake, ile ya nyuma ya kabati la vyombo, na huko hurudi kila anapobanwa sana. Akaona pia kwamba mnyama huyu hatenganishi meza na choo: akitafuna huku, kule nyuma mambo yanaendelea. Ndipo alipong'amua kwamba uwanja wa vita huchaguliwa na mwenye nchi, wala si na mvamizi. Akalitoa karai mlangoni, akaliburuta hadi kwenye kona ile ile, akatandika magazeti, akaweka nyasi kavu, akaning'iniza majani mabichi ukingoni, kisha akafanya jambo ambalo mtu wa cheo chake hakutarajiwa kulifanya: akapita nyumba nzima amepiga magoti, akaokota gololi moja moja kwa vidole vyake, akaziweka ndani ya karai ziwe kielelezo.

Jioni ile Mtemi alikuja, akanusa, akapanda ndani, akavuta jani, akatafuna, na sauti ndogo ikasikika juu ya gazeti, mithili ya choroko zikimiminwa kwenye ungo. Mzee alifunga macho. Katika miaka yake yote ya kazi, pamoja na siku aliyoileta treni kwa wakati, hakuwahi kusikia sauti iliyomfurahisha hivyo.

Kesho yake karai lilikuwa kavu na hongo ilikuwa nyuma ya kochi. Mzee akaokota, akaweka kielelezo, akangoja, jioni akashinda; asubuhi akajikuta ameshindwa. Ikawa hivyo tena, na tena. Kila jioni aliuteka mji, na kila asubuhi aliukuta mji umerudi mikononi mwa adui. Akakonda. Alianza kuamini maneno ya Omari, kwamba Mtemi anajua kila kitu na anafanya makusudi, na wazo hilo lilimuuma kuliko lile la tui.

Sasa ijulikane kwamba mzee huyu alikuwa na desturi moja: kila alfajiri alikwenda stesheni kuitazama treni, ingawa treni haimhitaji tena. Ijumaa ya wiki ile, mkesha wa jumuiya, alifika akaambiwa treni imechelewa na haijulikani itafika lini, akageuka akarudi nyumbani mapema kuliko alivyozoea. Akapitia uani. Na pale uani, karibu na bomba, akamkuta Mkono-Usiolala ameinama juu ya karai, kushoto sabuni, kulia majivu na brashi, mbele yake chupa ya dawa ya kuulia vijidudu, akisugua.

Alikuwa akilisugua kila alfajiri. Mumewe alipokwenda kuitazama treni, yeye alimwaga magazeti na nyasi, akalisugua karai hadi likang'aa kama la harusi, akalianika likapigwa na jua la kwanza, akatandika upya, akalirudisha kwenye kona likinukia dawa. Hakufanya kwa hila. Alifanya kwa sababu alikuwa ameuona mwili wa mumewe ukikonda, akataka kumsaidia kwa njia aliyoijua, na njia aliyoijua ilikuwa moja tu.

"Mama Kabula," alisema mzee, akiketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, "babu yangu alibeba mizigo kutoka hapa hadi Bagamoyo. Aliniambia kwamba jioni, msafara ukichoka, mpagazi hakuuliza kambi iko wapi. Alinusa. Alinusa majivu ya waliolala pale jana, akatua mzigo, akajua yuko kambini. Kambi iliyofagiliwa waliipita, wakaenda kulala porini na fisi. Huyu Mtemi ni mpagazi kama babu. Kila jioni anawasha moto wake pale kwenye kona, na kila alfajiri wewe unafagia majivu yake. Akiamka ananusa hospitali. Anaondoka kutafuta kambi."

Maji yaliendelea kutiririka bombani, naye Advera alikuwa mtu asiyeacha maji yatiririke bure. Hatimaye akafunga bomba.

"Unajua unachoniomba?" akauliza. "Mama yangu, kule Igalula, alinifundisha kwamba mgeni anayetaka kukujua haangalii sebule yako, anaangalia choo chako. Tangu unioe hakuna aliyewahi kuniona na doa. Na wewe unaniambia, mimi, mkesha wa jumuiya, niweke choo kichafu nyuma ya kabati la vyombo, katikati ya watu wanaosali."

Mzee alisema ndiyo, hicho ndicho anachoomba, na kwamba akikataa hatamlaumu. Mtemi alikuwa ametoka hadi kizingiti cha mlango wa uani, akawatazama wote wawili kwa zamu, kama anayefuatilia kesi yake mwenyewe. Advera alimtazama naye, na uso wake ukalegea kidogo.

"Kabula akipiga simu," alisema, "anauliza habari za Mtemi kabla ya kuuliza habari zangu. Nitamjibu nini? Kwamba ameliwa kwa tui?" Akaingiza mkono katika lundo la nyasi chafu alizokwisha kuzimwaga, akauinua umejaa. "Konzi moja, Baba Kabula. Konzi moja tu ya aibu, isizidi."

Akaitia ndani ya karai kwa mkono wake mwenyewe. Na wale wanaosema kwamba ushujaa ni kumwaga damu hawakumwona Advera mchana ule na usiku uliofuata, jinsi alivyopita mbele ya kabati na kurudi, jinsi mkono wake wa kulia ulivyoinuka wenyewe kuelekea sabuni, jinsi alivyoushika kwa wa kushoto akauteremsha. Alipiga nta sakafu ambayo haikuhitaji nta. Alifua pazia lililofuliwa jana. Jumamosi alfajiri mumewe hakwenda stesheni. Alibaki kitandani akisikiliza, na alisikia hatua za mkewe zikienda hadi kwenye kona, zikasimama, zikakaa muda mrefu, zikarudi.

Kulipokucha, mzee alipita nyumba nzima kwa magoti na hakupata gololi hata moja. Zote zilikuwa karaini, na konzi ile ya aibu ilikuwa chini yake kama msingi wa nyumba.

Lakini hatari haiji kwa mlango unaolindwa. Jumuiya ni watu wa kusaidiana, na desturi ya huko ni kwamba akina mama hufika mapema kumsaidia mwenye nyumba kufagia na kupanga viti. Basi kabla ya wengine kufika, alifika Martha, katibu wa jumuiya, Mwepesi-wa-Ufagio, mwanamke mwema asiyejua kukaa, akaamkia, akavua viatu, akaingia kazini. Akasogeza viti. Akatandika jamvi. Akachungulia nyuma ya kabati la vyombo, akaguna, akalibeba karai kwa mikono miwili, akaelekea uani kwenye bomba.

Mzee Wenceslaus alimwona akipita. Angesema nini, yeye mwanamume, kwa mgeni, kuhusu uchafu wa nyumba ya mkewe? Mkono wake ulikwenda mfukoni ukaikuta filimbi, ukaiacha, kwa kuwa amri ilikuwa amri. Barazani Omari alikuwa amekwisha kuwasili amevaa kanzu safi, amekalia mbuzi ya nazi, nazi yake imepasuliwa vipande viwili magotini, akitabasamu. Martha aliweka mguu mmoja uani. Naam, hapo ndipo historia ya Isevya ilipoyumba.

"Martha," alisema Advera kutoka mlango wa jiko. "Rudisha."

Martha akageuka, akamwonyesha karai kwa upole, kama mtu anayemfichia rafiki siri. "Dada, kuna mavi humu."

Akina mama waliokuwa wakiingia walisimama. Advera, ambaye hakuwahi kuonwa na doa, aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akajifuta mikono kwenye kanga, akasimama katikati ya sebule yake, akanena kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Najua. Nimeyaacha mimi. Mtoto wetu alituachia kiumbe, naye ana mahali pake katika nyumba hii, na mahali pake anapajua kwa hayo. Ukiyaosha atapotea. Yarudishe pale yalipokuwa, mdogo wangu, halafu uje unisaidie chai."

Martha alilirudisha karai. Hakuna aliyecheka, na kama mzee Wenceslaus alijipangusa jicho, ni vumbi la Tabora.

Sala ikaanza. Wakapiga magoti juu ya sakafu nyekundu, wakaanza rozari, na katikati ya fungu la pili Mtemi akatoka uvunguni. Alikuja koridoni kwa mwendo wa mtawala, akaingia sebuleni, akapita mbele ya waliopiga magoti akiwanusa vidole, akafika kwenye jamvi la ukindu. Akasimama. Jamvi lilinukia majani, na Mtemi aliinua kichwa akafikiri. Na kila aliyemjua alijua kwamba kwa Mtemi kufikiri na kutoa hongo ni jambo moja. Salamu Maria za mzee zilianza kwenda mbio hata zikawatangulia za wenzake. Omari aliinuka nusu kutoka kwenye mbuzi. Advera hakuinua macho, ila vidole vyake vilikuwa vimeishika punje moja ya rozari, havikusogea.

Mtemi akateremka kwenye jamvi. Akazunguka mguu wa kabati, akanusa. Majivu yalikuwapo, moto wa jana ulikuwapo. Akaruka ndani ya karai, akavuta jani, akaanza kutafuna, na katika utulivu uliopo kati ya fungu na fungu, jumuiya nzima ikasikia choroko zikimiminwa kwenye ungo.

Wakamaliza rozari kama watu wazima. Baada ya baraka ya mwisho, mzee alipiga hatua hadi kwenye kona akatazama, akageuka kumtafuta mkewe kwa macho. Advera alikuwa amekwisha kumfikia. Alitazama ndani ya karai kwa muda, akasema polepole, "Baba Kabula, piga."

Mzee akaitoa filimbi mfukoni, akavuta pumzi. Kuku wa jirani wakaruka ukuta. Mtemi, aliyekuwa na jani mdomoni, aliinua sikio moja akaendelea kula. Na Omari Mpenda-Nazi, kwa kuwa utani ni sheria na aliyeshindwa halii, aliketi tena juu ya mbuzi, akaikuna nazi yote kwa mikono yake mwenyewe, akiwaapiza Wanyamwezi tangu mpagazi wa kwanza, na wali wa jumuiya siku ile ukapikwa kwa tui lililokusudiwa Mtemi. Omari mwenyewe alikula sahani mbili. Jioni Kabula alipopiga simu, aliuliza habari za Mtemi kwanza, na mama yake hakuona vibaya.

Wazee wa nchi hii hawahesabu miaka kwa tarakimu. Huihesabu kwa mambo yaliyotukia. Upo mwaka wa njaa ya nzige, upo mwaka wa treni kukwama kwenye mafuriko, pamoja na mabehewa yake yanayoongezeka. Na sasa mtoto akizaliwa Isevya, mama yake akiulizwa alizaliwa lini, husikika akijibu bila kucheka kwamba ulikuwa mwaka ule ambao Advera hakuosha.